Hekalu la Mabaharia Katika Nchi ya Japani

Katika nchi ya Japani kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Shikoku. Kaskazini yake ipo bahari nyembamba, nchi kavu imeizunguka karibu pande zote, nayo imejaa visiwa vidogo kama shamba lililojaa vichuguu. Baharia apitaye huko akielekeza macho kusini huuona mlima uitwao Zozu, maana yake Kichwa cha Ndovu, kwa ajili ya umbo lake. Ubavuni pa mlima huo limejengwa hekalu la Kotohira. Lakini watu wengi hawatumii jina hilo. Husema tu Konpira-san, kwa heshima na mazoea, kama tumwitavyo mzee wa mji wetu. Tangu zamani hapo ndipo mabaharia wa Japani waendapo kuomba salama ya safari, na hapo ndipo watimizapo nadhiri zao wakiisha kurudi.

Pengine msomaji atauliza, "Sisi Wakristo tuna haja gani na hekalu la watu wa dini nyingine?" Twajibu kwamba hatuandiki ili kufundisha ibada ya huko, bali kueleza habari za wanadamu. Katika kitabu cha Yona twasoma ya kuwa mabaharia walipopatwa na tufani kila mmoja alimlilia mungu wake, wala mwandishi hakuwacheka, maana hofu yao ilikuwa ya kweli. Nasi twataka kuitazama hofu hiyo ya kweli, na kuona watu wa bahari walifanya nini kwa ajili yake. Tena twataka kuuliza neno moja zaidi: Je, mahali pa kutoa shukrani patueleza habari yote ya bahari, au nusu yake tu?

Basi, na tupande mlima pamoja kwa fikira. Chini yake upo mji mdogo, wenye maduka pande zote mbili za njia. Kisha vyaanza vidato vya mawe. Hesabu yake ni 785 mpaka hekalu kuu, na 1,368 mpaka hekalu la ndani lililo juu zaidi. Yasimuliwa kwamba kwa kweli vidato vya kupanda mpaka hekalu kuu ni 786, lakini Wajapani wakizitamka tarakimu 7, 8 na 6 kwa kufuatana hupata sauti ya neno "nayamu", maana yake kusumbuka moyoni. Kwa hiyo mahali pamoja pana kidato kimoja cha kushuka, ili hesabu ipungue moja, na mtu asifike juu pamoja na masumbuko yake. Kwenye kidato cha 365 liko lango kubwa, na ndani yake huonekana wachuuzi wa peremende, wamekaa chini ya miavuli mikubwa myeupe. Hao ni wa jamaa tano zilizopewa ruhusa tangu zamani kuuza vitu ndani ya lango, wala jamaa nyingine hazina ruhusa hiyo. Mtu afikapo hekalu kuu, naye anatweta, hugeuka nyuma, na tazama, uwanda wote wa nchi iliyoitwa zamani Sanuki umetandazwa chini yake mpaka baharini.

Sasa tuseme habari za asili yake. Shinto ni dini ya kale ya Wajapani wenyewe. Haina mwanzilishi mmoja. Waifuatao huheshimu milima, misitu, maji, na watu wakuu waliokufa, wakisema kuwa vyote hivyo vina nguvu zipasazo kuheshimiwa. Katika karne ya 6 dini ya Kibudha ilikuja kutoka bara kwa njia ya Korea, na dini hizo mbili zikakaa pamoja hata zikachanganyika. Jina la Konpira lashuhudia jambo hilo. Asili yake ni neno la Kihindi cha kale, Kumbhira, nalo ni mamba wa mto Ganges. Mamba huyo alifanywa kuwa mlinzi katika dini ya Kibudha, na jina lake likasafiri kupita Uchina hata Japani, na huko akawa mlinzi wa watu wa majini. Aliyezaliwa kando ya mto katika nchi zetu hana haja ya kuelezwa kwa nini mamba aliheshimiwa.

Pamoja naye aliheshimiwa hapo Omononushi, mmoja wa miungu ya kale ya Japani, na baadaye Mfalme Sutoku. Mfalme huyo alishindwa katika vita mwaka 1156, akahamishwa kwa nguvu mpaka Sanuki, akafa huko mwaka 1164 asiione tena nyumba yake ya kifalme. Hata mwaka 1868 serikali mpya ya Mfalme Meiji ikaamuru kwamba Shinto na dini ya Kibudha zitenganishwe. Hekalu hilo likahesabiwa kuwa la Kishinto tu, sanamu za Kibudha zikaondolewa mahali pake, na jina la Kotohira likawa ndilo jina la sheria. Lakini mabaharia hawakubadili usemi wao. Hata leo husema Konpira-san.

Sifa za mlima huo zilienea sana wakati wa utawala wa ukoo wa Tokugawa, tangu mwaka 1603 mpaka 1868. Watawala hao waliitwa Shogun, yaani majemadari wakuu. Siku zile mkulima hakuweza kusafiri apendavyo. Ilimpasa kuwa na cheti cha njia. Walakini safari ya kwenda hekaluni ilikubaliwa kwa urahisi kuliko nyingine, kwa hiyo watu wengi walikwenda. Walipanda mashua Osaka, wakashuka katika bandari ya Marugame, kisha wakaenda kwa miguu mpaka mlimani. Huko bandarini ingaliko taa kubwa ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1838 kwa michango ya watu. Na katika mji wa Kotohira upo mnara wa taa wa mbao, urefu wake kama meta 27, uliojengwa katika miaka ya 1860, ili nuru yake iwafikie walio baharini. Tuliweke moyoni neno hili la taa, maana tutalirudia.

Asiyeweza kwenda mwenyewe alituma badala yake. Wengine walimtuma jirani. Wengine, yasimuliwa, walimtuma mbwa. Bwana wake alimfunga shingoni mfuko mdogo wenye jina lake, fedha ya sadaka na fedha ya chakula, akamwacha aende na wasafiri. Hao walimlisha njiani na kumpokezana, hata akafika hekaluni, akarudishwa vivyo hivyo. Na baharia asiyeweza kuacha chombo chake alitia sadaka ndani ya pipa dogo, akalisimika bendera yenye jina la Konpira, akalitupa majini. Mvuvi aliyeliokota alipaswa kulipeleka mlimani, wala haikufikiriwa kuwa hasara, bali heri kwake yeye aliyeliokota. Hebu tufikiri: fedha yaelea baharini bila mlinzi, na kila aionaye aipeleka mahali pake. Desturi ya namna hii haikai isipokuwa kati ya watu wanaojua kuwa kesho wao ndio watakaoelea.

Nao walikuwa na sababu ya kujua hivyo. Katika mwaka 1635 serikali ya Shogun ilikataza Wajapani wasitoke kwenda nchi za mbali, na aliyekuwa huko akirudi, adhabu yake ilikuwa kifo. Sababu mojawapo ya kufunga nchi ilikuwa kuiogopa dini ya Kikristo, ambayo ilikuwa imekwisha kukatazwa nchi nzima mwaka 1614. Basi biashara yote ya Wajapani ikawa ya pwani. Vyombo vyao vya kuchukua mchele vilikuwa na mlingoti mmoja, tanga moja kubwa la pembe nne, na usukani mkubwa ulioning'inizwa kwa kamba, ili upate kuinuliwa kwenye maji haba. Kwa safari za kufuata pwani vilifaa sana. Lakini tufani ilipokivuta chombo mpaka maji makuu, mawimbi yaliuvunja usukani huo, na kilichobaki kilichukuliwa na mkondo wa nguvu uitwao Kuroshio kuelekea mashariki, mahali ambapo hapana nchi kwa safari ya miezi.

Habari za waliookoka zaeleza mambo waliyofanya wakati huo. Walitupa shehena baharini. Walikata mlingoti ili chombo kisipinduke. Walikata mashungi ya nywele zao, ambayo kwa Mjapani wa siku zile yalikuwa heshima ya mwanamume, wakawatolea miungu. Walipiga kura wajue nchi kavu iko upande gani. Waliweka nadhiri kwa Konpira na kwa mahekalu mengine makubwa, kwamba wakirudi hai watakwenda kushukuru kwa miguu yao.

Tutoe mfano mmoja. Mwezi wa Januari mwaka 1841, katika nchi ya Tosa, kusini ya kisiwa hicho hicho cha Shikoku, kijana Manjiro wa miaka 14 alikwenda kuvua pamoja na wenzake wanne. Tufani iliwachukua mpaka kisiwa kitupu cha mawe kiitwacho Torishima, wakaishi huko karibu miezi mitano kwa kula ndege na samaki wa kombe. Waliokolewa na merikebu ya Kimarekani ya kuvulia nyangumi, ya Nahodha William Whitfield. Nahodha huyo alimchukua Manjiro mpaka nyumbani kwake katika jimbo la Massachusetts, akamtia shule. Hata mwaka 1851 Manjiro akarudi Japani, naye ajua hatari ya sheria. Alihojiwa mara nyingi, na huko Nagasaki aliamriwa kukanyaga sanamu ya Kikristo, ili ionekane kama si mfuasi wa dini hiyo. Alifika kwa mama yake mwaka 1852. Walikuwa wametoka watano, naye mmoja wao alikwisha kuzikwa katika visiwa vya Hawaii.

Sasa turudi mlimani. Karibu na hekalu kuu ipo nyumba ya picha za nadhiri. Humo watu wa bahari wametundika picha zao kwa muda wa vizazi vingi: merikebu za matanga zilizochorwa juu ya mbao, kisha picha za meli za moshi, kisha za meli kubwa za chuma za siku zetu. Kila picha yasema neno moja: Tulikwenda, tukarudi. Hapo ipo habari ya Akiyama Toyohiro, Mjapani wa kwanza kufika katika anga za juu, mwaka 1990, maana hata safari hiyo ilihesabiwa kuwa ya namna moja na safari za bahari. Ipo pia mashua iendeshwayo kwa nguvu za jua, ambayo Horie Kenichi aliivukia bahari ya Pasifiki peke yake mwaka 1996, kutoka Ekwado mpaka Japani. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuivuka bahari hiyo peke yake kwa tanga mwaka 1962, alipokuwa na miaka 23, na mwaka 2022 aliivuka tena, naye ana miaka 83.

Mtu akisimama mbele ya picha hizo ni rahisi kudhani kwamba amesoma historia yote ya bahari. Lakini mwandishi wa Kirumi Cicero, aliyekufa mwaka 43 kabla ya Kristo, ameacha hadithi ya Myunani mmoja jina lake Diagoras. Huyo alionyeshwa picha nyingi kama hizi katika hekalu la kisiwa cha Samothrace, akaambiwa azitazame zilivyo nyingi. Akajibu kuwa waliozama hawakuchorwa popote. Diagoras alikuwa mtu wa kudhihaki mambo ya dini, wala hatumfuati katika dhihaka yake. Lakini swali lake ni swali jema kwa kila apendaye kujua mambo ya kale. Wako wapi wasiorudi? Hatuna haja ya kwenda mbali ili kuwatafuta. Tuwatafute mbele ya mlima huu huu.

Katika bahari ile nyembamba, kati ya Shikoku na nchi kubwa, viko visiwa vya Shiwaku. Watu wake walisifiwa tangu kale kwa ujuzi wa bahari. Mwaka 1590 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliwapa watu 650 wa huko haki ya kushika nchi yao wenyewe, kwa sababu walimtumikia kwa vyombo vyao. Hao walikuwa majirani wa Konpira, na kila bandari walikofika walichukua jina lake. Basi mwaka 1860 serikali ilipotaka kupeleka merikebu yake Kanrin Maru mpaka Marekani, iliwatafuta mabaharia 50, na katika hao 35 walikuwa watu wa Shiwaku. Merikebu ilijengwa Uholanzi, ilikuwa na tanga na mtambo wa moshi. Mkuu wake alikuwa Katsu Kaishu, na mfasiri alikuwa yule yule Manjiro tuliyemtaja. Njiani walipatwa na tufani nzito, na walisaidiwa sana na mabaharia wachache wa Kimarekani waliokuwa pamoja nao. Walifika San Francisco tarehe 17 Machi mwaka 1860, na wakarudi kwao salama mwaka ule ule. Twasema salama, na vitabu vingi vyasema hivyo. Lakini mabaharia watatu walikufa San Francisco kwa ugonjwa, wakazikwa huko, na wawili wao walikuwa vijana wa Shiwaku. Merikebu ilirudi; wao hawakurudi. Na katika Vita Kuu ya Pili mabaharia wa meli za biashara wa Japani zaidi ya 60,000 walikufa.

Jambo la mwisho ni karibu zaidi na sisi walimu, na twaliandika kwa moyo mzito. Asubuhi ya tarehe 11 Mei mwaka 1955, meli ya kuvusha abiria iitwayo Shiun Maru iliondoka Takamatsu, mji ulio pwani ya Sanuki, ili kuvuka bahari ile nyembamba. Ukungu ulikuwa mzito. Iligongana na meli nyingine ya kuvusha, ikazama kwa muda wa dakika chache. Watu 168 walikufa. Kati yao 100 walikuwa wanafunzi waliokuwa katika safari ya shule, na baadhi ya walimu wao walikufa pamoja nao. Safari yenyewe haikuwa ndefu, pande zote palikuwa na nchi kavu, na mlima wa mabaharia haukuwa mbali.

Wajapani walifanya nini? Hawakuacha kupanda vidato vya Konpira. Wengi wangali wakipanda hata leo. Lakini pia shule nyingi za Japani zilichimba vidimbwi na kuwafundisha watoto kuogelea, na msiba huo ulikuwa sababu mojawapo. Na watu wa pande zote mbili walidai kwa nguvu zaidi kwamba lijengwe daraja. Kazi ilianza mwaka 1978, na tarehe 10 Aprili mwaka 1988 likafunguliwa daraja liitwalo Seto Ohashi, lenye kuvuka bahari kwa urefu wa zaidi ya kilomita 9. Motokaa hupita juu, magari ya moshi hupita chini yake. Nalo limekanyaga visiwa kadha wa kadha njiani, na visiwa hivyo ni vya Shiwaku, nchi ya wale mabaharia. Siku ya mbingu safi, mtu aliyesimama mbele ya hekalu kuu, juu ya vidato 785, aweza kuliona daraja hilo kwa mbali.

Basi sasa twaweza kulijibu swali letu. Nyumba ya picha yatueleza nusu ya habari, nayo ni nusu ya kweli: watu walirudi, wakashukuru. Nusu ya pili haikuchorwa juu ya mbao, ila haikupotea. Imo katika taa ya Marugame, katika ule mnara wa Kotohira, katika vidimbwi vya shule, na katika daraja. Taa haimwulizi baharia kama ameweka nadhiri. Waliozama hawakuweza kutundika picha, lakini walio hai waliwakumbuka kwa kujenga kitu cha kumwokoa mwingine.

Nasi twawaomba wasomaji wetu jambo dogo. Katika kila mji wako wazee wapendao kusimulia safari zao, na ni vema kuwasikiliza. Lakini mzee akiisha kusimulia jinsi alivyovuka mto au ziwa akafika, mwulize kwa adabu: Mlikuwa wangapi mlipoondoka? Na akikutajia jina la asiyefika, liandike.